Pilau ya Idi kwa watu 40: kuanzia hesabu hadi sinia

Pilau ya kilo moja inayotoka vizuri kila Ijumaa haiwi pilau ya kilo tano kwa kuzidisha kila kitu mara tano. Sufuria kubwa lina tabia yake: hupoteza mvuke kidogo likilinganishwa na ujazo wake, huchelewa kupata moto, huchelewa kupoa, na mchele wa chini hubeba uzito wa mchele wa juu. Wanaoharibikiwa siku ya Idi mara nyingi ni wapishi wazuri wa nyumbani waliozidisha maji kwa hesabu ile ile. Mwongozo huu ni wa Idi el-Fitri, chakula cha mchana, kwa watu 40, pilau ya nyama ya ng'ombe kama inavyopikwa pwani. Kwa Idi el-Hajj mambo ni yale yale isipokuwa kwenye nyama, na hilo limeelezwa mbele.

Hesabu ya walaji

Hesabu mtu mzima kuwa mlaji mmoja na mtoto wa chini ya miaka kumi kuwa nusu. Watu wazima 30 na watoto 20 ni walaji 40. Kilo moja ya mchele pamoja na nyama na viazi hushibisha walaji wanane, kwa hiyo kilo tano zinatosha. Sahani za majirani na za wagonjwa wasioweza kuja zihesabiwe humo humo tangu mwanzo. Zisipohesabiwa, hutolewa mwishoni kwenye makombo, na jirani hapelekewi makombo. Ikiwa unapeleka sahani sita, ongeza kilo moja ya mchele na vitu vyake.

Waulize jamaa wanafuata mwandamo upi. Tanzania wengi husubiri tangazo la Mufti na Kenya la Kadhi Mkuu, lakini wapo wanaofuata mwezi ulioonekana kwingine, na nyumba moja inaweza kugawanyika kwa siku nzima. Chagua siku ambayo wote wanaweza kula, hata kama kwa baadhi yao itakuwa Idi pili.

Michango igawiwe kwa vitu na si kwa fedha pekee. Mmoja alete mchele wote, mwingine nyama yote, mwingine matunda, mwingine maji na juisi, mwingine masinia na mikeka. Mchele ukiletwa kilo mbili na huyu na tatu na yule, utakuwa na aina mbili ndani ya sufuria moja: mmoja utaiva na kupondeka wakati mwingine bado una kiini. Kosa hili halirekebishiki likishaingia jikoni.

Vinavyohitajika

Mchele kilo 5 wa aina moja. Nyama ya ng'ombe kilo 5, yenye mifupa kidogo na mafuta kidogo. Mwambie muuza nyama akate vipande 20 kwa kilo, upate vipande 100, yaani viwili au vitatu kwa kila mlaji. Viazi mviringo kilo 2 na nusu. Vitunguu maji kilo 2 za pilau na kilo 1 na nusu za kachumbari. Vitunguu saumu robo kilo, tangawizi robo kilo. Mafuta ya kupikia lita moja, ingawa hutayatumia yote.

Viungo, kwa kijiko kikubwa cha chakula: bizari nyembamba (uzile) 12, pilipili manga nzima 3, iliki 3, karafuu 1 na nusu, na vijiti vya mdalasini 8 vyenye urefu wa kidole. Usizidishe karafuu kwa sababu tu zipo nyumbani. Karafuu nyingi huleta uchungu na hufunika harufu ya bizari, na bizari ndiyo inayoifanya pilau iitwe pilau. Nunua viungo vizima, vikaange kidogo bila mafuta mpaka vinukie, kisha twanga nusu na nusu viache vizima. Viungo vya unga vilivyokaa dukani miezi mingi havina tena harufu, na mpishi huishia kuongeza pakiti baada ya pakiti bila faida.

Kachumbari: nyanya kilo 3, matango manne, ndimu 12 hadi 15, pilipili mbichi chache. Ndizi mbivu 40, tikitimaji kubwa mawili. Juisi ya ukwaju au ya embe lita 15, na maji ya kunywa zaidi ya hapo. Barafu itengenezwe kwa maji ya kunywa. Juisi iliyochemshwa vizuri haina maana ikiwekewa barafu ya maji ya kisima.

Sufuria liwe la lita 30 au zaidi, lenye kitako kizito na mfuniko bapa unaoweza kubeba makaa. Sufuria jembamba la alumini huunguza katikati huku pembeni pakiwa baridi. Kama huna la aina hiyo, pika katika masufuria mawili ya kilo mbili na nusu kila moja. Kwa anayepika kwa wingi mara ya kwanza tunashauri mawili hata kama lipo kubwa: kina ni kifupi, mchele huiva sawasawa, na moja likiharibika chakula bado kipo.

Jiko liwe la mkaa, pana, au mafiga na kuni, nje ya nyumba. Jiko la gesi la mezani halifai, kwani moto wake hugusa katikati tu na sufuria la kilo 20 na zaidi linaweza kulipindua. Mvua ikinyesha, jenga kibanda cha turubai kilicho wazi pembeni, lakini usiingize mkaa unaowaka chumbani wala varandani palipofungwa. Gesi yake haina harufu na inaua.

Siku mbili kabla

Nunua mchele na uujaribu. Pima kikombe kimoja, pika kama kawaida yako, andika ulitumia maji kiasi gani. Mchele mpya uliovunwa karibuni hunywa maji kidogo na hupondeka upesi. Wa zamani hunywa zaidi na hutoa punje zinazoachana. Wa Kyela, wa Shinyanga, basmati, pishori ya Mwea, kila mmoja una kiasi chake, na hata mifuko miwili ya jina moja inaweza kutofautiana. Kikombe hicho kimoja ndicho kitakachokuambia kiasi cha supu siku ya Idi.

Chagua mchele wote siku hiyo, mchana, kwenye ungo na penye mwanga. Saga vitunguu saumu na tangawizi kwa mafuta kidogo badala ya maji, uweke kwenye chombo kilichofunikwa ndani ya friji. Zaka ya Fitri nayo ipimwe na ipelekwe mapema. Ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, kilo mbili na nusu hadi tatu, na inatakiwa iwafikie wenyewe kabla ya sala ya Idi, ili nao wawe na cha kupika siku hiyo.

Usikate vitunguu wala kuchemsha nyama kabla ya tangazo la mwezi. Ramadhani inaweza kuwa siku 29 au 30, na vitunguu vilivyokatwa jioni ya 29 vitakuwa vimeshaharibika harufu ikiwa mfungo utaendelea.

Usiku wa mwandamo

Mwezi ukishatangazwa, chemsha nyama usiku huo huo. Sababu ni sala. Ukiiacha mpaka alfajiri, lazima mtu mmoja abaki akilinda sufuria wakati wenzake wako uwanjani, na mara nyingi anayebaki ni mwanamke yule yule kila mwaka. Haifai. Nyama ikiiva usiku, nyumba nzima inakwenda kusali.

Osha nyama, weka sufuriani na nusu ya tangawizi na saumu iliyosagwa, vijiko vikubwa vinne vya chumvi, na maji lita 11 au 12. Ikianza kuchemka enua povu, punguza moto, funika. Ng'ombe huhitaji saa moja na nusu hadi mbili. Simamisha inapokuwa laini lakini bado inashika mfupa, maana itapikwa tena kesho na ikiiva kabisa sasa itakuwa nyuzi nyuzi ndani ya mchele.

Enua nyama, chuja supu. Hapa wengi hukosea: huacha sufuria zima la supu likiwa limefunikwa jikoni mpaka asubuhi. Supu nyingi hupoa taratibu sana, na katika joto la pwani huchacha kabla ya jua kutoka. Igawe kwenye vyombo vifupi vitano au sita, viweke ndani ya beseni la maji baridi, na vikishapoa vitie kwenye friji pamoja na nyama. Asiye na friji asichemshe usiku. Anunue nyama alfajiri aiweke motoni mara baada ya sala, na chakula kisogezwe hadi saa tisa alasiri. Kuchelewa kula ni afadhali kuliko kuwaharisha wageni.

Kwa Idi el-Hajj, nyama ya mnyama aliyechinjwa asubuhi hiyo hukakamaa kwa saa kadhaa na haiivi upesi. Ongeza saa nzima kwenye muda wa kuchemsha, au pika siku hiyo maini na mbavu za kukaanga, na pilau uiweke Idi pili. Gawa kwanza mafungu ya udhiya ya masikini na ya jamaa, kisha ndipo upime ya sufuria.

Asubuhi ya Idi

Tende na chai kabla ya sala, kama ilivyo sunna ya Idi hii. Baada ya sala, kifungua kinywa kiwe chepesi: tambi, vitumbua, maziwa. Washa mkaa saa nne. Ratiba ifuatayo inalenga kula saa saba na nusu, na imepangwa ili pilau iwe imepaliwa watu wanapokwenda kusali Adhuhuri.

Saa nne na nusu, mafuta robo tatu lita yapate moto, tia nusu ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Usitie kilo mbili kwa pamoja, kwa sababu vitunguu vina maji mengi na vikijazana huchemka badala ya kukaangika. Vitakuwa laini na vyeupe hata baada ya saa nzima. Fungu la kwanza likiwa la kahawia, lienue, tia la pili. Rangi ya pilau hutoka hapa. Vitunguu vikibaki vya njano, pilau itakuwa nyeupe na watu watafikiri umebania viungo. Vikifika weusi, itakuwa chungu. Vienue vikiwa bado na wekundu kidogo, maana huendelea kuiva kwa joto lao. Weka kando konzi mbili za kumwagia juu wakati wa kupakua. Mafuta yakiwa mengi mno, yapunguze sasa, baadaye hayatoki.

Rudisha vitunguu vyote, tia viungo vizima, halafu saumu na tangawizi iliyobaki. Koroga dakika mbili tu, bila kuacha, kwani mchanganyiko huu hushika chini haraka na harufu ya saumu iliyoungua haiondoki. Tia nyama na viungo vilivyotwangwa, geuza dakika kumi. Viazi vimenywe na kukatwa mara mbili, vikaangwe pembeni mpaka vipate ngozi ya dhahabu, kisha vitiwe sasa. Kiazi kisichokaangwa humomonyoka na kuufanya mchele unate.

Kuhusu nyanya na tui la nazi, kila nyumba ina msimamo wake. Kwa sufuria la watu 40 tunaviacha vyote viwili. Nyanya huongeza maji usiyoyapima, na tui hufanya chakula kiharibike upesi mchana wa joto.

Mchele osha mpaka maji yawe maangavu, uroweke nusu saa kama ni basmati, umwage kwenye chujio kubwa ukauke maji. Kipimo kichukuliwe mchele ukiwa mkavu, kabla ya kuosha.

Sasa supu. Kilo tano za mchele ni takriban vikombe 25 vya mililita 250. Kama jaribio lako lilitaka kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kimoja cha mchele, hesabu ya nyumbani ingekuwa vikombe 37 na nusu. Punguza sehemu moja katika kumi na uanze na 33 au 34, kwa sababu sufuria kubwa lililofunikwa halipotezi mvuke kwa kiwango cha sufuria dogo. Vikombe vitatu vya supu viendelee kuwa vya moto pembeni. Kuongeza unaweza, kupunguza huwezi. Pima kila kikombe kwa kuhesabu kwa sauti, na mtu mwingine asiongee nawe wakati huo.

Supu ikichemka kwa nguvu, onja chumvi. Ongeza vijiko vikubwa vitano, koroga, onja tena, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka supu iwe imezidi chumvi kidogo ukiinywa peke yake. Mchele utainywa na kusawazisha. Supu inayopendeza mdomoni hutoa pilau iliyopooza.

Tia mchele, koroga mara moja kutoka chini kwa mwiko mrefu wa mbao, sawazisha juu, uache. Moto uwe mkali. Kila unapokoroga tena unavunja punje na kutoa wanga, na huo ndio mwanzo wa bokoboko. Dakika 10 hadi 15 supu itashuka mpaka ilingane na mchele, na vishimo vidogo vitaonekana juu.

Hapo hapo ondoa makaa mengi chini, bakisha safu nyembamba. Funika kwa karatasi ya foili, kisha mfuniko, kisha palia: panga makaa yaliyoondolewa juu ya mfuniko, zaidi pembeni kuliko katikati. Sufuria lenye kina haliwezi kuivishwa kwa moto wa chini peke yake. Chini itakuwa ukoko na juu mbichi. Acha dakika 30 bila kufunua. Kisha geuza mara moja, ukianzia pembeni, wali wa chini uje juu, funika na upalie dakika 15 nyingine. Ondoa makaa yote, iache itulie dakika kumi kabla ya kupakua.

Ikiharibika njiani

Punje ina kiini na sufuria ni kavu: toboa vishimo vitano au sita kwa mpini wa mwiko, mimina kikombe kimoja cha supu ya moto kwa kuigawa humo, palia tena dakika 15. Usitie maji baridi, maana hushtua mchele na kuacha kiini kigumu.

Imelowa: usikoroge. Ondoa foili, tandaza kitambaa kikavu safi juu ya wali na mfuniko juu yake, kunja ncha za kitambaa zisifike kwenye makaa. Moto wa chini uwe hafifu. Kitambaa hunywa mvuke ambao ungerudi chini.

Inanuka kuungua: epua papo hapo, hamishia wali wa juu kwenye sufuria jingine bila kukwangua chini. Ukichelewa dakika tano kwa matumaini ya kuokoa kilo moja ya chini, harufu itapanda kwenye kilo nne zilizobaki.

Chumvi imezidi: pika kilo moja ya wali mweupe bila chumvi na uchanganye wakati wa kupakua. Kachumbari nayo isitiwe chumvi kabisa.

Kachumbari na kupakua

Vitunguu vya kachumbari vikatwe saa sita, vifikichwe kwa chumvi, vioshwe maji mawili ili ukali utoke. Nyanya, tango na ndimu vichanganywe dakika 15 tu kabla ya kula, chumvi iwe ya mwisho. Ikichanganywa mapema huwa supu ya nyanya chini ya bakuli. Kisu na ubao viwe vingine kabisa, si vile vilivyokatia nyama mbichi. Pilipili iwe kwenye kibakuli chake ili watoto na wenye vidonda vya tumbo wale kwa raha.

Pakua kwanza sahani za majirani, zifunikwe kwa kawa au ziwekwe kwenye hotpoti, na mtoto mkubwa azipeleke kabla wageni hawajakaa. Jirani asiye Mwislamu naye ana sahani yake, na aliyealikwa aambiwe saa kamili ili asifike watu wakiwa msikitini.

Sinia moja litoshe walaji wanne au watano, kwa hiyo andaa masinia tisa au kumi. Tandaza wali, nyama na viazi vigawiwe kwa kuhesabu: vipande kumi kila sinia, vinavyobaki virudi sufuriani kwa wanaotaka kuongeza. Mkono wa mpakuaji unaokisia huanza kwa ukarimu na kumaliza kwa mifupa. Mwaga vitunguu vya kahawia juu, ndizi pembeni. Birika la kunawia lizunguke kwanza kwa wazee. Watoto wadogo wapewe sinia lao na mtu mzima mmoja akae nao, la sivyo wakubwa wao watamaliza nyama.

Waliopika wakae sinia la kwanza. Wapewe nafasi hiyo kwa makusudi, na vijana ambao hawakuingia jikoni ndio wahudumie maji, juisi na nyongeza.

Kilichobaki

Pilau isikae kwenye sufuria lililozimwa mpaka jioni. Saa mbili baada ya kupakua ndiyo mwisho, na mchana wa joto kali ni saa moja, kwa sababu mchele uliopikwa huzalisha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukipasha moto. Wageni wafungiwe chakula ikiwa bado cha moto na waambiwe wakitie kwenye friji wakifika. Cha nyumbani kitandazwe kwenye sinia kipoe upesi, kisha friji, na kiliwe Idi pili baada ya kupashwa mpaka kitoe mvuke, mara moja tu. Ukoko uloweke kwa maji ya moto usiku huo ili sufuria la kuazima lirudi kwa mwenyewe kesho yake asubuhi. Huenda naye ana wageni wake wa Idi pili.